Winchi ya umeme ya nanga kwa boti ya matembezi katika Bwawa la Mtera: nichague ipi, na ifungwe vipi?

Mkazi wa Ipagala (Dodoma)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi na shemeji yangu tuna boti ya faiba yenye urefu wa mita 6.7, ambayo tunaitunza upande wa Dodoma wa Bwawa la Mtera na kuitumia siku za mapumziko kutembeza familia na kuvua perege kwa ndoana. Mashine yake ni ya HP 60, na betri ni moja tu, ya volti 12 na ampia-saa 100, iliyofungwa nyuma karibu na mashine. Nanga yetu ina kilo 8, nayo imeungwa kwenye mnyororo wa milimita 6 wenye urefu wa mita 10, kisha kamba ya nailoni ya milimita 12, mita 60. Mara nyingi hutia nanga mahali penye kina cha mita 4 hadi 10.

Mpaka sasa nanga inavutwa kwa mikono, na anayeivuta ni shemeji, ambaye daktari amemkataza kuinama na kunyanyua vitu vizito kwa sababu ya uti wa mgongo. Mimi ndiye ninayekaa kwenye usukani, na watoto siwaruhusu kusimama omo, yaani mbele ya boti, wakati nanga inang'olewa. Ndiyo maana tumekubaliana kufunga winchi ya umeme.

Ninaomba mnisaidie katika mambo haya. Je, ninunue winchi yenye nguvu kiasi gani, na ya aina gani? Je, betri moja itatosha, au nitakwama katikati ya bwawa kwa sababu winchi imeimaliza? Tena, fundi mmoja wa magari hapa mjini amenishauri nichukue winchi ya kuvutia magari, ile inayofungwa mbele ya magari ya porini, kwa kuwa hupatikana kwa urahisi na ina nguvu nyingi kuliko ninazohitaji. Ningependa kusikia kwa wenye uzoefu kabla sijatoa fedha.

---

Fundi Kebo (Dar es Salaam)

Ndugu Mkazi wa Ipagala, mpe pole shemeji. Nianze na winchi ya gari, kwa sababu ushauri huo ndio unaoweza kukuingiza katika hasara mapema. Winchi ya gari imetengenezwa ili ivute tani kadhaa kwa mwendo wa pole sana, kwa muda mfupi, kisha ipumzike ipoe. Ikilemewa kabisa hufyonza zaidi ya ampia 300, na hata isipokuwa na mzigo wowote kamba yake husogea mita chache tu kwa dakika, ilhali winchi ya nanga ya boti ya kiasi chako huleta kamba mita 20 hadi 30 kwa dakika. Kama una mita 40 za kamba majini na upepo umekwisha kuanza, tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo utaondoka kwa utulivu au utasukumwa kwenye visiki huku nanga ikiwa haijafika juu. Zaidi ya hayo, haina mahali pa kushika pete za mnyororo, na kuteremsha nanga ni ama polepole mno kwa mota, ama kwa kuiachia huru bila kuidhibiti. Nguvu hiyo ya ziada anayoisifu fundi wako nayo ni hatari, kwani nanga ikinasa, winchi ya tani nne haitashindwa yenyewe, bali itang'oa sitaha yako.

Kuhusu ukubwa, kanuni inayotumika kwa wengi ni kujumlisha uzito wa nanga, mnyororo na kamba yote, kisha kuzidisha mara 3, au mara 4 ukitaka nafasi zaidi. Mnyororo wa milimita 6 una takriban gramu 800 kwa mita, kwa hiyo mita zako 10 ni kilo 8; kamba ya nailoni ya milimita 12 ina takriban gramu 90 kwa mita, nazo mita 60 ni kilo 5 na kitu. Ukiongeza nanga ya kilo 8 unapata kilo 21 hivi, ambazo ukizidisha mara 4 hazifiki 90. Winchi za boti ndogo za wati 500 hivi zinamudu mzigo huo bila taabu, kwa hiyo usimruhusu muuza duka akupandishe hadi ile ya boti ya mita 12.

Aina zake kubwa ni mbili. Ya kulala ina mota na giaboksi juu ya sitaha, mnyororo unalizunguka gurudumu lake kwa robo mzunguko hivi, na kuifunga ni rahisi kwa sababu unatoboa matundu machache tu. Ya kusimama ina mota chini ya sitaha, mnyororo unalizunguka gurudumu kwa karibu nusu mzunguko, kwa hiyo hushika vizuri zaidi. Lakini inadai sanduku la nanga lenye kina, tena mota inakaa palepale penye unyevu. Kwa boti yako ningeanza kuifikiria ya kulala.

Jambo moja ambalo watu hulipuuza ni mnyororo wenyewe. Gurudumu la winchi lina vishimo vilivyochongwa kwa kipimo maalumu, na kila pete lazima ilale katika kishimo chake. Mnyororo wa dukani wa kufungia geti unaweza kuwa na unene wa milimita 6 sawasawa na bado ukaruka kwenye gurudumu, kwa kuwa urefu wa ndani wa pete zake ni mwingine. Kwa mfano, DIN 766, kiwango cha Kijerumani cha vipimo vya mnyororo, kwa milimita 6 kina urefu wa ndani wa milimita 18.5. Pima pete zako kwa kalipa, uzichukue pete kumi mfululizo uzijumlishe ili kosa dogo lionekane, kisha ulinganishe na kitabu cha winchi kabla hujainunua. Watengenezaji wa winchi kama Lewmar, Quick na Maxwell huandika waziwazi ni mnyororo wa kiwango gani unaoingia katika gurudumu gani.

Betri nitaieleza baadaye. Kwanza tupatie kipimo kimoja: kutoka upande wa chini wa sitaha hadi sakafu ya sanduku la nanga ni sentimita ngapi?

---

Mwana Mtera (Mtera)

Mimi si fundi wa umeme, ila nimekulia katika maji hayo na ninaishi kwayo, kwa hiyo nitazungumzia chini ya boti tu.

Ndugu yangu, Mtera si ziwa la kawaida. Bwawa lilipokamilika mwaka 1980, maji yaliifunika miti ikiwa imesimama, na mpaka leo mingi imekauka humohumo, mingine ikiwa imechomoza na mingine imejificha. Kisha maji yenyewe hayatulii. Bwawa likijaa kabisa, usawa wake ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690, maana yake kati ya kujaa na kupungua kuna tofauti ya mita 8 na nusu. Maji hufunguliwa kwa ajili ya mitambo ya hapa, kisha yanateremka na mto Ruaha Mkuu hadi Kidatu, na kuanzia mwezi wa sita hadi mvua zirudi yanakuwa yanashuka tu. Kisiki ulichopita juu yake mwezi wa tano bila kukijua, mwezi wa kumi na moja kinaweza kuwa kinagusa mkuku.

Kwa hiyo nanga yako itanasa. Nasema itanasa, sisemi huenda. Na ikinasa hakuna mtu wa kumtuma chini, kwa sababu humu mna mamba na viboko, na sitaki kusikia kwamba kuna mtu alizama kwenda kuikwamua.

Sisi hufanya mambo mawili. La kwanza ni nanga ya nondo yenye meno manne ya milimita 10, ambayo mafundi wa kuchomelea huitengeneza kwa bei nafuu. Ikishika shina la mti, unaivuta kwa mashine ya boti mpaka meno yanyooke, inatoka, kisha unayakunja tena nchi kavu. La pili ni kamba ya pembeni, iliyofungwa kwenye kichwa cha nanga upande wa meno, na mwisho wake unaelea kwa boya. Nanga ikigoma kutoka kwa mbele, unalifuata boya na kuivuta kinyumenyume. Urefu wa kamba hiyo uwe wa kina cha siku ile pamoja na mita moja au mbili, siyo zaidi, kwa sababu ikilegea sana itaingia kwenye panga za mashine. Kina upime kila mara kwa bildi, ile kamba yenye risasi mwishoni, au kwa kipimo cha umeme, usitegemee ulichokikuta mwezi uliopita.

Angalia pia maboya ya nyavu kabla ya kutia nanga. Winchi haitambui kwamba inachovuta ni wavu wa mtu ambaye leo hii anautegemea kwa chakula cha nyumbani.

---

Mkazi wa Ipagala (Dodoma)

Ninawashukuru sana nyote wawili. Ndugu Mwana Mtera, nanga yetu ya sasa ni ile ya mabapa mawili, ambayo katika tope inashika vizuri, ila ni kweli kwamba imewahi kutusumbua mahali penye miti. Nitaagiza na ya nondo.

Fundi Kebo, nimekwenda kupima. Kutoka chini ya sitaha hadi sakafu ya sanduku ni sentimita 42. Kamba na mnyororo, nikiviacha vijirundike vyenyewe bila kuvipanga, lundo linafika sentimita 22. Nimegonga pia sitaha ya omo kwa nyundo ya mpira, na mlio haufanani: katikati ni mzito, pembeni mwepesi. Nadhani katikati pana plaiwudi kati ya tabaka mbili za faiba. Kutoka betri ilipo hadi omo, nikipita pembeni ambako kebo itapita, ni mita 7.

---

Bi Nahodha (Mwanza)

Kaka, kwa vipimo hivyo ninaomba nitofautiane kidogo na Fundi Kebo, ambaye mengi ya aliyosema ni sahihi kabisa.

Winchi ya gurudumu, iwe ya kulala au ya kusimama, haiipangi kamba. Inaiachia tu idondoke sandukuni kwa uzito wake. Mnyororo ni mzito, unadondoka vizuri. Lakini kamba ya milimita 12, hasa ikishakuwa ngumu kwa jua na matope, inahitaji nafasi ya kutosha ya kuanguka, na watengenezaji wengi hutaka angalau sentimita 30 zibaki wazi juu ya lundo. Wewe unabakiwa na 20. Kitakachotokea ni kwamba kamba itajaa hadi mdomoni, itarudi nyuma na kujisokota kwenye gurudumu, na mtu atalazimika kukaa omo akiisukuma kwa mkono huku winchi inazunguka. Hapo shemeji atakuwa ameinama vilevile, tena vidole vyake vikiwa karibu na chuma kinachozunguka.

Kwa sababu hiyo ninakushauri uangalie winchi ya ngoma, ambayo kamba yote na mnyororo mfupi hujiviringisha juu ya ngoma yenyewe, bila kutegemea kina cha sanduku. Huku kwenye Ziwa Victoria ninaendesha boti ya kiasi kama chako yenye winchi ya namna hiyo, na kinachonipendeza ni kwamba nikibonyeza swichi nikiwa kwenye usukani sihitaji mtu yeyote mbele. Maungio ya kamba na mnyororo, ambayo kwenye gurudumu lazima yasukwe kwa ustadi ili yapite bila kukwama, kwenye ngoma hayana shida. Shakeli ndogo inatosha, mradi pini yake ifungwe kwa waya isifunguke.

Inazo kasoro zake, nazo nitazisema. Inatumia kamba nyembamba ya kusuka, mara nyingi ya milimita 6 au 8, kwa hiyo kamba yako ya 12 itakwenda kwenye kazi nyingine. Kamba ikivutwa kwa nguvu kubwa ikiwa imelegea kwenye tabaka za chini, tabaka la juu hujichimbia ndani ya lile la chini, na safari ijayo haitaki kufunguka. Ukishaifunga mara ya kwanza, toa kamba yote majini, kisha irudishe ikiwa imebeba uzito kiasi ili ijiviringe kwa kubana. Na ngoma ni pana. Hakikisha inaingia ndani ya sanduku na kifuniko kinafunga.

---

Fundi Kebo (Dar es Salaam)

Bi Nahodha ana haki, na kwa sanduku la sentimita 42 ngoma ndiyo inayofaa. Zipo zinazobeba mita 70 au zaidi za kamba ya milimita 6 pamoja na mnyororo wako. Urefu wa kamba ya kutoa hukadiriwa kwa kuzidisha kimo kutoka chini ya maji hadi omo: ukiwa katika kina cha mita 10, na omo yako iko mita 1 juu ya maji, unazidisha 11 mara 5 na kupata mita 55 kwa hali ya kawaida. Upepo ukizidi, unazidisha mara 7 na kupata 77. Usikubali ngoma ndogo inayobeba mita 40 kwa sababu tu ni nafuu, maana upepo wa mchana wa miezi ya kiangazi hapo kwenu ni mkali, na eneo lenyewe ni wazi.

Sasa umeme, ambao ndio unaoharibu winchi nyingi kuliko kutu. Tuchukulie kwamba winchi ya ngoma ya kiasi chako itafyonza ampia 80 ikifanya kazi nzito. Umbali wa kebo ni mita 7 kwenda na 7 kurudi, jumla 14, na wengi husahau kuhesabu za kurudi. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 16 ingepoteza zaidi ya volti 1.2, yaani asilimia 10 hivi ya umeme wako kabla haujafika kwenye mota. Kebo ya 25 hupoteza volti 0.8 kasoro kidogo, na ya 35 hupoteza 0.56. Chukua ya 35. Mota inayopata volti pungufu haifanyi tu kazi polepole, bali hubeba mzigo kwa muda mrefu zaidi, hupata moto, na rilei, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, huungua midomo mpaka siku moja inaganda ikiwa imewasha. Wateja huniletea winchi wakisema ni mbovu, na ninapopima ninakuta winchi ni nzima, ila kebo ni ya redio.

Hofu yako ya betri ina jibu la kutuliza. Ampia 80 ni nyingi, lakini dakika ni chache. Kuvuta mita 60 kwa mwendo wa mita 20 kwa dakika ni dakika 3, na hata ukihesabu ampia 80 mwanzo hadi mwisho, unakuwa umetumia ampia-saa 4 katika zile 100. Mashine ikiwa inanguruma itazirudisha zote katika muda mfupi wa safari. Hata hivyo, ninakushauri uongeze betri ya pili, si kwa ajili ya winchi, bali kwa ajili ya kuwashia mashine. Betri ikizeeka, huonyesha udhaifu wake siku ya mzigo mkubwa, na katika bwawa ambalo jirani yako wa karibu ni kiboko, sitaki winchi na stata zigombanie betri moja. Weka swichi ya kuchagua betri, na wakati wa kung'oa nanga washa mashine kwanza.

Karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kabla kebo haijaenda kokote, funga sakiti breka, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ya ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu cha winchi. Hiyo ndiyo inayozuia moto kebo ikikwaruzwa njiani, na ndiyo itakayokata umeme iwapo nanga itanasa na mota ikagoma kuzunguka. Usiiongeze ukubwa eti kwa sababu inakata kila mara. Ikikata, tafuta sababu.

---

Mkazi wa Ipagala (Dodoma)

Nimeelewa, na kwa kweli hesabu ya ampia-saa imenitoa wasiwasi mkubwa. Nina swali dogo: kebo ya boti yenye shaba iliyopakwa bati sijaipata Dodoma, lakini kebo ya mashine ya kuchomelea ya milimita za mraba 35 ipo madukani. Je, niitumie?

---

Fundi Kebo (Dar es Salaam)

Kwa bahari ningekukatalia. Kwa maji baridi ya Mtera ninakubali, kwa masharti. Nyuzi zake ni nyembamba na nyingi, jambo ambalo ni zuri kwa mtikisiko, lakini kwa kuwa hazikupakwa bati, unyevu ukiingia mwishoni hutambaa ndani na shaba kugeuka nyeusi kwa urefu usioutarajia. Basi kila mwisho ubanwe lagi, yaani kichwa cha metali cha kuungia kebo, kwa mashine ya haidroliki, siyo kwa nyundo, kisha uvalishwe mpira wa kusinyaa kwa moto ule wenye gundi ndani. Ikate kebo ukiwa umeacha ziada kidogo ili baadaye uweze kukata mwisho na kubana upya. Ipitishe juu ya mahali maji yanapotuama, mbali na mafuta ya mashine, na kila inapopita kwenye tundu iwekewe mpira wa kuizuia isikatwe na faiba.

Fundi wa umeme wa magari wa hapo Dodoma anaweza kuifanya kazi hii vizuri. Mwonyeshe mchoro wa kwenye kitabu, na usiondoke mpaka rilei imefungwa mahali pakavu, siyo ndani ya sanduku la nanga.

---

Chuma cha Chang'ombe (Dodoma)

Habari zenu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na boti kadhaa za Mtera zimepita mikononi mwangu. Mmezungumza vizuri kuhusu winchi na umeme, nami ningependa tuangalie inaposimama.

Plaiwudi uliyoigundua kwa kugonga ni jambo la kulishughulikia kabla ya kutoboa tundu la kwanza. Ukitoboa na kukaza bolti moja kwa moja, mambo mawili yanafuata: maji yatapenya kando ya bolti, plaiwudi itaoza kimyakimya, na baada ya misimu michache sitaha italainika, halafu nati zikikazwa zaidi, zitaiminya plaiwudi na faiba itapasuka. Njia sahihi ni kutoboa tundu kubwa kuliko bolti, kukwangua plaiwudi kwa ndani kuzunguka tundu hilo kiasi cha sentimita 1, kuziba chini, kujaza epoksi iliyokolezwa, kuiacha ikauke kabisa, kisha kutoboa tundu la bolti katikati ya epoksi. Hapo bolti inapita ndani ya kitu kigumu kisichonywa maji. Kazi hiyo inachosha na inachukua siku mbili, na mafundi wengi watakuambia haina haja. Usiwasikilize.

Chini ya sitaha weka sahani ya alumini ya milimita 8, pana kuliko kitako cha winchi kwa kila upande, yenye kona za mviringo ili zisichimbe faiba. Bolti na nati ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, na kati ya chuma hicho na alumini pakae washa za plastiki na gundi ya boti, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini hugeuka unga mweupe. Silikoni ya bafuni haifai hapa.

Halafu rola ya omo, ile ambayo kamba hupita juu yake. Mstari kutoka rola hadi katikati ya ngoma uwe umenyooka ukiutazama kutoka juu na kutoka pembeni. Nimeletewa boti ambayo rola ilikuwa imepinda kidogo tu kuelekea kushoto, na kamba ilikuwa inarundikana upande mmoja wa ngoma mpaka inaanguka pembeni. Shavu la rola lenye ncha kali lisuguliwe hadi likipitishwa kitambaa kisinase, maana kamba ya milimita 6 haina nyama ya kupoteza.

Jambo la mwisho upande wangu: funga chuma imara cha kufungia kamba kando ya winchi, chenye sahani yake chini, kisichochangia bolti na winchi.

---

Bi Nahodha (Mwanza)

Hilo la mwisho la Chuma cha Chang'ombe ninaomba niliendeleze, kwa sababu ndilo linaloamua kama winchi itadumu.

Winchi ni ya kunyanyua nanga, si ya kushikilia boti wala ya kuivuta. Boti ikiwa imetia nanga na upepo unaisukuma, kila wimbi linapiga kwa nguvu kwenye meno ya giaboksi. Chukua kipande cha kamba ya nailoni kama mita 3, sasa ile ya milimita 12 uliyoiondoa itakufaa sana, ufunge mwisho mmoja kwenye kamba ya nanga kwa fundo linaloshika, na mwingine kwenye chuma cha kufungia, kisha legeza winchi kidogo mpaka mzigo wote uhamie huko. Nailoni inavutika, kwa hiyo wageni wako hawatasikia ile mishtuko, na giaboksi itapumzika.

Wakati wa kuondoka, kaka uliye kwenye usukani, endesha boti polepole kuifuata nanga, na winchi ikusanye kamba iliyolegea tu. Ukiona kamba imekaza, ondoa kidole kwenye swichi, sogeza boti mbele, kisha endelea. Ukifika juu ya nanga na haitoki, usiilazimishe winchi. Hamishia kamba kwenye chuma, na mashine ya HP 60 ndiyo ing'oe, au ulifuate boya kama alivyoeleza Mwana Mtera.

Nanga ikishapanda, ifunge kwa pini au mkanda kwenye rola, na uzime sakiti breka ya winchi kila mara boti inapokwenda. Nanga inayodondoka yenyewe boti ikiwa katika mwendo huigeuza boti ghafla, na watu walioko ndani hawapati muda wa kujishika. Na kwa kuwa mnabeba familia, mtu yeyote mwenye mtandio, kanga au kamba ya koti la kuokolea inayoning'inia asikae karibu na ngoma ikizunguka.

---

Mkazi wa Ipagala (Dodoma)

Nimeamua kufuata njia ya ngoma, kebo ya 35, betri ya pili na sahani ya milimita 8. Ndugu Chuma cha Chang'ombe, nitakutafuta kwa ujumbe wa faragha kuhusu epoksi na nanga ya nondo. Je, kabla ya kuwapandisha watoto, nifanye majaribio gani?

---

Fundi Kebo (Dar es Salaam)

Jaribu kwanza boti ikiwa kwenye trela, nanga ikining'inia hewani, ili uhakikishe kwamba swichi ya juu inapandisha na ya chini inashusha, na kwamba sakiti breka inakata umeme wote. Kisha nenda majini, mahali palipo wazi pasipo na miti, mita 5 hivi za kina. Mtu mmoja ashike mita ya umeme kwenye ncha za mota yenyewe, siyo kwenye betri, wakati nanga inapanda. Ukiona volti 11 au zaidi, umefaulu. Ikishuka chini ya hapo, pima kwenye betri wakati huohuo: betri ikiwa nayo imeshuka, tatizo ni betri, ikiwa betri iko juu na mota iko chini, umeme unapotelea njiani. Zima breka mara moja, uguse lagi moja baada ya nyingine, na ile iliyo ya moto ndiyo ya kubana upya.

---

Mwana Mtera (Mtera)

Jaribio hilo lifanyike asubuhi, kabla upepo haujaanza. Na siku hiyo nenda na ile nanga ya nondo pia, uitie makusudi karibu na mti uliokauka unaouona, ukiwa na boya lake, ili wewe na shemeji mjue namna ya kuikwamua kabla hamjalazimika kufanya hivyo mkiwa na watoto.